Habari za Mtandaoni na Mfuko wa Msomaji wa Kanda ya Dhahabu



Nimeombwa nizungumzie swali linalowaumiza vichwa wenye vyombo vya habari kila mahali: je, msomaji anaweza kutozwa fedha kwa habari za mtandaoni, akalipa, na kesho akarudi kulipa tena? Nitalijibu nikiwa hapa hapa, kati ya Shinyanga na Geita, kwa sababu jibu lililopatikana New York halitufai kama halijapitishwa Kahama na Katoro. Na niseme mapema ninakoelekea, anayetaka kunipinga ajiandae. Naamini inawezekana, ila si kwa kumsimamisha msomaji mmoja mmoja mlangoni na kumdai ada ya mwezi. Itawezekana watu wakilipa kwa pamoja, kama walivyozoea kulipia mambo yao mengine ya maana, na habari zinazogusa uhai zikibaki wazi kwa aliyelipa na asiyelipa.

Kwanza tuliweke kando lile neno linalosemwa sana, kwamba Mtanzania hapendi kulipia habari. Mtu wa Masumbwe anayefungua simu asubuhi ameshalipa kabla hajasoma hata mstari mmoja. Ameunga bando. Fedha yake imekwenda kampuni ya simu, na mwandishi aliyekesha machimboni akisubiri watu watolewe shimoni hapati hata senti tano ya bando hilo. Aprili 2021 kampuni za simu zilipobadili bei za vifurushi, nchi nzima ilipiga kelele mpaka Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikasitisha bei hizo mpya. Watu hawapigi kelele namna ile kwa kitu wasichokithamini. Basi mchapishaji anapokuja nyuma ya kampuni ya simu na ada yake mkononi, msomaji anajiona anatozwa mara mbili kwa kitu kile kile. Mimi siwezi kumwita mchoyo. Anapiga hesabu zake sawasawa, na ni sisi tunaotakiwa kumwonyesha kwamba tunachouza hakimo ndani ya lile bando.

Na kipo ambacho watu wa kanda hii hukilipia bila kushurutishwa. Mwangalieni mchimbaji mdogo siku anayouza. Mawe yametoka kwenye duara, lile shimo la kuchimbia, yamepita karasha, mashine ya kuponda, yamesagwa na kuoshwa, zebaki imekamata dhahabu, na kile kidonge kimechomwa mpaka kikabaki na rangi yake ya njano. Mnunuzi anakiweka kwenye mizani ndogo ya betri. Namba zinacheza, kisha zinatulia. Anatoa simu, anabonyeza hesabu, anataja bei ya gramu. Hapo mchimbaji hajibu haraka. Anasogea pembeni, anampigia mtu wake aliyeko mjini Geita: "Leo wanachukua kwa ngapi?" Ile simu ya dakika moja ndiyo habari ya kulipia. Tuseme imemjulisha kwamba bei ya mjini imeizidi ya pale kwa shilingi elfu tano kwa gramu, naye ana gramu ishirini. Dakika hiyo imemwingizia laki moja. Hata kama ataamua kuuza pale pale, atauza akiwa anajua anachopoteza.

Serikali ilianza kuziba pengo hili mwaka 2019 ilipofungua masoko ya madini, la Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo, na Tume ya Madini hutoa bei elekezi. Ni hatua kubwa. Lakini bei elekezi haimwambii mtu kama machimbo yaliyovuma wiki hii yana dhahabu kweli au ni uvumi wa wenye magari ya abiria. Haimwambii karasha ipi imefungwa na watu wa mazingira, wala ombi lipi la leseni limewekwa juu ya eneo ambalo kikundi chake kinachimba kwa miaka. Mambo hayo yanahitaji mtu wa kwenda, kuuliza, kulinganisha na kuandika. Yanahitaji mwandishi, na mwandishi anakula.

Wenzetu waliofanikiwa kwa kutoza waliligundua hili kwa njia yao. The Wall Street Journal liliwatoza wasomaji wa mtandaoni tangu miaka ya 1990, na walilipa kwa sababu habari za masoko zilikuwa nyenzo ya kazi yao. The New York Times lilijaribu mwaka 2005 kufungia makala za waandishi wake wakubwa, likaacha mwaka 2007, likarudi kwa nguvu Machi 2011. Kufikia mwaka 2023 lilikuwa na walipaji zaidi ya milioni 10. Wengi wanaolitaja gazeti hilo kama mfano husahau kusema kwamba sehemu ya walipaji hao walivutwa na michezo ya maneno na mapishi. Habari nzito za vita na siasa zimebebwa mgongoni na vitu ambavyo mtu anavitumia kila siku nyumbani kwake. Huku kwetu kitu cha kila siku ni bei ya gramu, bei ya mpunga Kahama, msimu wa pamba, na mvua.

Kuna jambo la pili ambalo watu wetu wamelilipia, na nalitaja kwa heshima kwa sababu vijana wengi wa vyumba vya habari hawalijui. Ni kadi za salamu. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, na baadaye kwenye redio binafsi, msikilizaji alinunua kadi, akajaza jina lake na mahali alipo, akaorodhesha anaowasalimu, akaandika na ujumbe wake mfupi. Kisha alikaa na redio akisubiri. Mtu wa kijijini Bukombe alitoa fedha ili jina lake litajwe na shangazi yake wa Tabora alisikie. Walikuwako watuma salamu waliojulikana nchi nzima kwa majina yao ya redioni, na walianzisha hata vyama vyao. Watu hao hawakuwa matajiri. Walilipa kwa sababu chombo kile kiliwatambua. Mchapishaji anayekaa Dar es Salaam, karibu kilomita elfu moja kutoka hapa, akiweka ukurasa mmoja wa "mikoani" na Shinyanga ikatokea humo siku za ajali na mauaji tu, kisha akamwomba mtu wa Shinyanga ada, anaomba malipo kwa kioo ambacho mlipaji hajioni ndani yake.

Sasa tuje kwenye uvujaji, maana hata bidhaa nzuri haiuziki kama inagawiwa bure jirani. Ugomvi huu ulikuwako kabla ya simu za kupangusa. Kwa miaka mingi redio na televisheni zetu zilifungua asubuhi kwa kusoma magazeti, wakati mwingine habari nzima kutoka kichwa hadi mkia, na mwenye gazeti akabaki na marundo yasiyonunuliwa. Mwaka 2017 Waziri wa Habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliagiza vituo visome vichwa vya habari tu, visiingie ndani. Agizo lile lilikuwa ukuta wa kwanza wa malipo tulioujua, umejengwa na serikali kwa niaba ya wachapishaji. Leo kazi iliyokuwa ya redio inafanywa na makundi ya WhatsApp. Nakala ya kidijiti inanunuliwa na mtu mmoja alfajiri, na kabla chai haijachemka imeshatupwa kwenye makundi ya ofisi, ya ukoo na ya kwaya. Kampuni kama Mwananchi, inayouza nakala za kidijiti za magazeti yake, inajua jinsi uvujaji huo unavyoumiza.

Nchini Kenya, ndugu zao wa Nation Media Group waliamua kujaribu wazi. Februari 2021 tovuti ya Nation ilianza kufunga baadhi ya makala na kuwatoza wasomaji viwango vidogo vya wiki na mwezi, malipo yakipita M-Pesa. Kwa njia ya malipo, ni nchi chache duniani zilizokuwa tayari kama Kenya. Hata hivyo kampuni ilitangaza hasara katika hesabu zake za mwaka 2023 na 2024. Sisemi ukuta ule ndio ulioleta hasara. Matangazo yalikuwa yamekimbilia Google na Facebook zamani. Nasema tu kwamba wepesi wa kulipa pekee haukutosha. Sisi nasi tuna M-Pesa tangu 2008, tuna Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa, na muuza chipsi wa Katoro ana lipa namba yake ukutani. Kulipa tunaweza. Kinachobaki ni sababu.

Norway hutajwa sana kwenye mikutano ya wachapishaji. Uchunguzi wa Taasisi ya Reuters ya Oxford mwaka 2024 ulionyesha kwamba huko watu kama 40 katika kila 100 hulipia habari za mtandaoni, ilhali wastani wa nchi 20 tajiri ulikuwa 17 tu. Kinachonivutia Norway ni magazeti ya miji midogo, ambayo watu huyalipia kwa sababu yanaandika habari za bandari yao, shule yao na diwani wao. Kipato chao hatuna, na serikali yao hutoa ruzuku kwa magazeti tangu mwaka 1969. Ukaribu wa gazeti na msomaji tunaweza kuuiga bila ruzuku.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na malalamiko mazito kuhusu mizani. Mkulima alileta pamba yake kwenye kituo cha kununulia, ikapimwa na mnunuzi, kwa mizani ya mnunuzi, na uzito ukatangazwa na mnunuzi. Wengi waliamini wanapunjwa. Wakulima wakajipanga, wakaweka watu wao wenyewe wasimame kando ya mizani, wasome uzito, wautaje kwa sauti ya mkulima. Kutokana na wapimaji hao na vikundi vilivyowaweka kilitokea Chama cha Wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya Paul Bomani, likawa moja ya mashirika makubwa ya ushirika Afrika nzima. Mpimaji yule hakununua pamba wala hakuiuza. Kazi yake ilikuwa kusoma namba kwa uaminifu, na faida yake ilikuwa wazi: uzito uliopatikana mahali ambapo jana ulipotea.

Mwandishi wa habari wa kanda ya dhahabu ni mpimaji huyo. Toeni pamba pale, wekeni ushuru wa huduma. Migodi mikubwa hulipa halmashauri ushuru huo kutokana na mauzo yake. Mgodi wa Geita, GGM, ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009 ukafungwa mwaka 2021. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yanazitaka kampuni zikubaliane na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa kuhudumia jamii. Hizo ni fedha za zahanati, madawati na visima. Nani anasimama kando ya mizani hiyo kwa niaba ya mwananchi wa Nyang'hwale au Msalala na kusema: kimeingia hiki, kimejengwa hiki, hiki hakionekani?

Mkumbuke mwaka 2017. Machi serikali ilizuia kusafirisha nje makinikia, ule mchanga wenye madini, Mei na Juni taarifa za kamati za Profesa Mruma na Profesa Osoro zikasomwa Ikulu, na makontena 277 yaliyokuwa Dar es Salaam yakawa gumzo la taifa. Mchanga ule ulitoka Bulyanhulu na Buzwagi, wilayani Kahama. Watu wa Kahama waliyajua mambo ya mchanga wao kwa kutazama televisheni kutoka Dar es Salaam, kama alivyoyajua mtu wa Lindi. Septemba Acacia, kampuni yenye migodi hiyo, ilipotangaza kupunguza shughuli Bulyanhulu, walioathirika kwanza walikuwa hapa: mama ntilie, wapangishaji, madereva, mafundi. Maswali yao yalikuwa mengine kabisa na yale ya studio za mjini, na wachache mno walilipwa kuyafuatilia.

Tusione haya kusema nani anamlipa mwandishi wa mkoani leo. Wengi wetu ni waandishi wa kujitegemea, tunalipwa kwa habari iliyotoka, na malipo ya habari moja mara nyingine hayalipi nauli ya bodaboda iliyokwenda kuileta. Anayebaki kugharamia safari ni yule anayeandikwa. Halmashauri inatoa gari, mgodi unatoa chakula cha mchana, shirika linatoa posho, mwanasiasa anatoa bahasha. Sijui mwandishi wa mkoani ambaye hajawahi kusimama mbele ya bahasha hiyo akiwa na karo ya mtoto kichwani, na sitamhukumu mwenzangu hapa hadharani. Lakini mpimaji akilishwa na mwenye mizani, mkulima ajue kilo zake ziko hatarini. Msomaji anayejisifu kwamba anasoma bure anasoma kitu kilicholipiwa na mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alikuwa na sababu zake za kulipa.

Mara moja katika historia yetu ya karibuni aliyelipa alikuwa mbali, na alilipa vizuri. Mwaka 2008, mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yalipokuwa yakitikisa Kanda ya Ziwa, Vicky Ntetema, Mtanzania aliyeongoza ofisi ya BBC nchini, alijifanya mteja akaenda kwa waganga, akarekodi wakizungumzia biashara ya viungo vya watu. Alitishiwa maisha, ikabidi ajifiche. Kazi yake iliifanya dunia ielekeze macho hapa, na Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi mkoani Shinyanga iliwatia hatiani watu watatu kwa mauaji ya mtoto mwenye ualbino. Najivunia mwandishi yule. Lakini nawaza kila mara: uchunguzi juu ya damu iliyomwagika Usukuma uligharamiwa na mlipa kodi wa Uingereza, kwa sababu sisi hatukuwa na chombo chetu chenye uwezo wa kumtuma mtu, kumlinda na kumpa wakili. Hatuwezi kuendelea kuwategemea walipa kodi wa London kwa mambo ya Misungwi na Bukombe.

Lakini hata tukijilipia wenyewe, siungi mkono kufunga kila kitu kwa kufuli la malipo. Januari 2024 wachimbaji 22 walifukiwa na kifusi na kufa Ng'alita, Bariadi. Agosti 2025 watu 25 walinaswa ardhini Nyandolwa, mkoani Shinyanga. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui lilipasuka, tope likaingia mashambani na kwenye makazi. Siku kama hizo kuna mama Kishapu au Maswa anayetafuta jina la mwanawe kwenye orodha. Chombo kitakachomwambia mama huyo alipe kwanza ndipo aone majina hakistahili kuitwa cha habari, na siku hiyo hiyo kitakuwa kimeuza imani yote kiliyojenga. Vivyo hivyo habari za zebaki kwenye maji, za wazee wanaotuhumiwa uchawi kwa macho mekundu, za kipindupindu. Hizo zinalipiwa na wengi ili zimfikie yeyote.

Basi zitalipiwaje? Kwa mchango wa vikundi. Mimi nauona mlango huo kuwa mpana kuliko ule wa msomaji mmoja mmoja, kwa sababu ndiyo desturi iliyopo. Kanda hii ndiyo iliyozaa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Kahama na Nzega, wanakijiji walipochoka na wezi wa ng'ombe. Kila kaya ilitoa mtu na mchango, na asiyetoa alijua wajibu wake. Sungusungu ilifanya pia makosa makubwa, kuna waliopigwa na kufukuzwa bila ushahidi, na sitaki kulificha hilo. Nazungumzia namna ya kuchanga. Leo kuna vikoba kila mtaa, kuna vyama vya msingi vya wakulima wa pamba na tumbaku, kuna vikundi vya wachimbaji wenye leseni ndogo, kuna vyama vya bodaboda na vikundi vya kwaya na jumuiya. Kikundi cha watu 30 kinachochanga kila wiki kwa ajili ya misiba na mikopo kinaweza kuweka na fungu la habari.

Nipige hesabu ya mfano tu. Watu 3,000, kutoka mikoa hii miwili yenye mamilioni ya watu, wakitoa shilingi 500 kila mmoja kwa wiki kupitia kikundi chake, ni milioni moja na nusu kwa wiki, takribani milioni sita kwa mwezi. Hapo unapata waandishi watatu wenye mshahara wa kueleweka, mafuta ya pikipiki, na akiba ya wakili. Shilingi 500 ni bei ya kibando cha siku. Kikundi kikishalipa, wanachama wanapata kila asubuhi ujumbe wa sauti na maandishi mafupi kwenye WhatsApp: bei za madini na mazao zilizoulizwa sokoni jana, leseni zilizoombwa, barabara, nafasi za kazi, na majibu ya maswali ambayo kikundi chenyewe kimeuliza. Uchunguzi na habari za dharura zinakwenda wazi kwa wote. Ujumbe ukivuja kwenda kundi jingine, na uvuje. Bei ya jana ikisambaa kesho haina madhara, na habari ya uhai tunataka isambae. Tangu Aprili 2020 gazeti la The Continent la Afrika Kusini linatengenezwa makusudi ili lisambazwe kwenye WhatsApp kama faili, bure, likitegemea wafadhili. Wamegeuza uvujaji ukawa usambazaji. Sisi tunaweza kufuata njia hiyo kwa fedha za wasomaji wenyewe.

Sauti naisisitiza. Wachimbaji wengi wanasikiliza zaidi kuliko wanavyosoma, na Redio Faraja ya Shinyanga au Storm FM ya Geita zinajua hilo kuliko magazeti. Na mtandaoni tayari wapo waliothubutu. Malunde 1 Blog ilijengwa hapa hapa Shinyanga na inasomwa mbali. Mimi naona redio na tovuti hizi ndizo zinazoweza kuanza, si kampuni mpya itakayokuja na jina la Kizungu na mabango.

Najua mtakayoniuliza, na baadhi ni mazito.

Kwamba kikundi kinacholipa kitataka kusifiwa. Ni kweli. Kikundi cha wachimbaji kikichanga, siku mwandishi akiandika kwamba karasha yao inamwaga maji ya zebaki mtoni watatishia kuacha kulipa. Ila tofautisheni. Mlipaji mmoja mwenye milioni sita akikasirika, chombo kinakufa. Kikundi kimoja kati ya mia moja kikikasirika, chombo kinapungukiwa na elfu kumi na tano za wiki, na mwandishi analala usingizi. Wingi wa walipaji wadogo ndiyo kinga. Kwa hiyo ningeweka sharti tangu mwanzo: hakuna mlipaji, awe mgodi, halmashauri au chama, atakayezidi sehemu ndogo iliyotajwa ya mapato yote.

Kwamba fedha italiwa. Hilo wazee wa SHIRECU, chama kikuu cha ushirika cha Shinyanga, wana haki ya kulisema kwa uchungu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 1980, na wengi mnakumbuka pamba iliyokopwa na malipo yasiyofika. Chombo kinachodai kuwapimia watu wengine kitundike hesabu zake: kimeingia kiasi gani, mwandishi nani amelipwa nini, nani ametoa tangazo. Kila mwezi, kwa Kiswahili, kwenye ujumbe ule ule wa asubuhi. Kama hakiwezi, kisichangiwe.

Kwamba dola inaweza kukizima chombo. Hapa siwezi kuwapa faraja ya uongo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye chombo kidogo alipe zaidi ya shilingi milioni 2 ili aanze. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini wengi walikuwa wameshazima mitambo. Oktoba 2, 2024 TCRA ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kwa sababu ya katuni jongefu iliyohusu watu waliopotea na kuuawa. Fikirini msomaji aliyelipia mwezi ule. Alinunua huduma halali kwa kampuni halali, na mlango ukafungwa na mtu wa tatu. Na mwandishi wa kujitegemea Azory Gwanda, aliyekuwa akiiandikia Mwananchi kutoka Kibiti, hajaonekana tangu Novemba 2017. Hakuna mpango wa biashara utakaostawi mahali ambapo kitu kilicholipiwa kinaweza kuondolewa kwa barua ya asubuhi. Anayetaka wasomaji wailipie habari, na kuipunguzia serikali mzigo wa kulalamikiwa kwamba vyombo ni vya wafadhili wa nje, auhakikishe usalama wa anayeuza na anayenunua. Nawaambia hilo wabunge wetu wa mikoa hii miwili, na ningependa walichukue.

Mmoja aliniuliza nilipokuwa naandaa maneno haya: kwa nini watu wachange kabla ya kuona kazi? Asichange. Mpimaji wa pamba aliaminiwa baada ya magunia ya kwanza. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, na kabla yake madiwani hukaa kupitisha bajeti za halmashauri kwenye vikao vilivyo wazi kwa mwananchi yeyote. Chombo kimoja Kahama na kimoja Geita viweke mtu ndani ya vikao hivyo siku zote, bila posho ya halmashauri, na viorodheshe kila shilingi ya ushuru wa huduma: ilikopangwa, kata gani, mradi gani. Mwezi wa tatu wa mwaka wa fedha waandishi hao waende kata hizo wakapige picha ya kilichopo. Orodha ya kwanza itolewe bure kwa kila kikoba na kila kikundi cha wachimbaji. Ya pili ndiyo watakayotajiwa bei.